Banio Lililofungwa Ahera: Wafu wa Shadowlands na Nia za Waliowadhulumu

Mpwa wangu anayesoma kidato cha tatu alinijia likizo ya Juni, Mbeya ikiwa kwenye baridi yake ile ya kumfanya mtu avae koti hata jikoni, akiwa na swali lililomkaa kichwani kwa siku kadhaa: "Mjomba, yule Mkuu wa Jela alikuwa anataka nini hasa?" Hajawahi kuicheza World of Warcraft, wala sidhani kama ataicheza karibuni, kwa sababu gemu hiyo inahitaji kompyuta, intaneti isiyokatika na malipo ya kila mwezi, ilhali vibanda vya gemu anavyovijua yeye pale Mwanjelwa vina PlayStation na mpira wa miguu. Hadithi ameifuata kwa vipande, video moja leo na nyingine wiki ijayo, na vipande hivyo vimekataa kuungana. Nilimwambia asijilaumu, kwa maana hata waliolipia na kucheza tangu siku ya kwanza walimaliza wakiwa na swali hilohilo.

Sehemu ya hadithi anayoiulizia inaitwa Shadowlands. Ni nyongeza ya nane ya gemu hiyo ya kampuni ya Blizzard, na ilitoka tarehe 23 Novemba 2020, miaka 16 kamili tangu gemu yenyewe ilipoingia sokoni tarehe 23 Novemba 2004. Kwa miaka yote hiyo wachezaji walikuwa wakiua na kuuawa katika dunia ya Azeroth bila kuelezwa kwa urefu roho zinakokwenda. Shadowlands ndiyo iliyowavusha hadi ahera yenyewe, na papo hapo ikawaambia kwamba mambo mengi waliyoyaona tangu Warcraft III ya mwaka 2002 yalikuwa na mkono wa mtu mmoja aliyefungwa huko. Mtu huyo ni Zovaal, ambaye wote humwita Mkuu wa Jela, ingawa katika jela anayoiongoza yeye mwenyewe ndiye mfungwa wa kwanza.

Kosa la waelezaji wengi, kwa maoni yangu, ni kuanza na Zovaal. Ukianza naye utakwama, kwa kuwa nia yake haieleweki mpaka uujue mtambo alioutaka, na mtambo huo unafanya kazi kwa namna ambayo mtu aliyekulia karibu na mashamba ya mpunga ya Usangu anaweza kuielewa haraka kuliko mwingine yeyote. Kwa hiyo tuanze na maji.

Shambani Mbarali maji hutoka mtoni, yakapita kwenye banio, yaani lango la kuyazuia na kuyaachia, yakaingia mfereji mkuu, kisha yakagawanywa katika mifereji midogo hadi kufika kwenye majaruba. Anayelishika banio ndiye anayeamua nani alime na nani asubiri. Ahera ya Shadowlands imejengwa hivyohivyo. Kila roho ifikapo huja na kitu kinachoitwa anima, ambacho ni yote ambayo mtu huyo aliyaishi, aliyoyatenda na aliyoyapata, yaliyogeuka nguvu. Aliyeishi sana, kwa wema au kwa ubaya, huja na anima nyingi. Wabebaji wenye mbawa wanaoitwa Kyrian huzileta roho hadi katika mji wa Oribos, ulio katikati, na hapo Mwamuzi huisoma kila roho kwa mara moja na kuielekeza inakostahili. Mwamuzi ndiye banio. Anima inayofika na roho ndiyo inayoyanywesha majaruba.

Hapa inabidi nisimame kidogo, kwa sababu ndipo msomaji wa kwetu anapopotea mara ya kwanza. Tuna maneno mengi ya mahali pa wafu: ahera, kuzimu, peponi, jehanamu, na Wakatoliki wana toharani, na karibu yote hutufanya tutegemee kwamba hukumu itawatenga wema na waovu. Mwamuzi wa Oribos hafanyi hivyo. Yeye hutazama roho inafaa wapi, kama mtu anavyopangiwa kazi. Aliyeishi kwa kujitoa na kutumikia hupelekwa Bastion, akafundishwa kuwa Kyrian. Mpiganaji asiyekubali kushindwa hupelekwa Maldraxxus, ambako majeshi ya kulinda ahera yanafinyangwa, na tabia zake zinaweza kuwa nzuri au mbaya. Aliyefungamana na maumbile hupelekwa Ardenweald, msitu ambamo roho za viumbe wakubwa wa porini hulala ndani ya mbegu hadi wakati wa kuzaliwa upya. Mwenye kiburi na dhambi zinazoweza bado kusafishika hupelekwa Revendreth, akateswa mpaka ajue alichokosa, na hapo ndipo neno toharani linapokaribia kufaa. Zipo ahera nyingine zisizo na idadi, lakini hizo nne ndizo zinazouendesha mtambo. Kisha kuna Maw, jina lenye maana ya kinywa cha mnyama mkali, shimo la wale wasioweza kuokolewa kabisa, ambalo kwa desturi hapana aliyeingia akatoka.

Sasa banio likafungwa. Mwaka 2017, katika nyongeza ya awali iitwayo Legion, wachezaji walimuua Argus, nafsi ya sayari iliyogeuzwa kuwa kiumbe mwenye nguvu za kifo. Walishangilia. Hawakuelezwa wakati huo kwamba roho ya Argus ingefika Oribos kama jiwe lililotupwa kwenye kioo, ikampiga Mwamuzi na kumzimisha, na kwamba jambo hilo lilikuwa limepangwa. Tangu saa hiyo kila roho, ya mtoto mchanga na ya muuaji, ilidondoka moja kwa moja ndani ya Maw. Ahera nne zikaanza kukauka.

Ukitaka kuhisi uzito wa ukame huo, mfikirie Malkia wa Kipupwe, mtawala wa Ardenweald, ambaye ilimbidi achague mbegu zipi ziendelee kunyweshwa na zipi ziachwe zife ili nyingine zipone. Mbegu ya Ursoc, dubu mkubwa aliyeheshimiwa Azeroth kama mungu, ilikuwa miongoni mwa zilizoachwa. Tangu miaka ya 1990 mto wetu wa Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, na kila anayeulizwa huelekeza kidole kwa mwingine: wakulima wa juu, wafugaji wa Ihefu, mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu inayoyangoja maji huko chini. Ahera nne nazo zilianza kushukiana. Tofauti ni kwamba huko kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa akiyaficha maji kwa makusudi, naye alikuwa akiongoza vikao vya kuwataka wengine wavumilie.

Huyo ni Sire Denathrius, mtawala wa Revendreth. Kwa jina la ukame alitoza anima ya watu wake, akailimbikiza, kisha akaipitisha kwa siri hadi Maw kumlisha Zovaal. Kati ya waovu wote wa hadithi hii yeye ndiye mwepesi kueleweka, na nadhani ndiyo maana wachezaji walimpenda. Ana madaraka, anayapenda, anasema uongo kwa tabasamu, na alipopingwa na mwanamfalme wake mwenyewe, Renathal, hakujifanya mnyonge. Kikubwa zaidi, yeye ndiye aliyewaumba nathrezim, mashetani ambao tangu Warcraft III walijulikana kama watumishi wa jeshi la Burning Legion. Shadowlands ikafichua kwamba walikuwa wapelelezi wa Denathrius waliopandikizwa katika kila upande wa ulimwengu. Mtu akikuuliza mwovu yupi wa Shadowlands anaeleweka bila maelezo, mtaje huyu, halafu songa mbele.

Mwovu wa pili hana jina kubwa, na wengi humruka, ilhali malalamiko yake ndiyo yanayonigusa kuliko ya wote. Anaitwa Devos, mmoja wa viongozi wa Bastion. Huko Bastion sharti la kupanda ngazi ni kusahau: mwanafunzi huzivua kumbukumbu za maisha yake, mke, mtoto, kijiji, mpaka abaki mtumishi asiyeelemewa na kitu. Ndipo akaletwa Uther, shujaa aliyeuawa na mwanafunzi wake Arthas kwa upanga wa Frostmourne. Upanga ule haukumuua tu, uliipasua roho yake. Kipande kimoja kikabaki ndani ya chuma na kingine kikafika Bastion kikiwa na jeraha lisilofunga. Devos aliona kwamba roho ya namna hiyo haiwezi kusahau, akamweleza Archon, mkuu wao, na Archon akamjibu kwa kanuni. Baadaye Arthas alipokufa, Devos na Uther waliichukua roho yake na kuitupa ndani ya Maw bila kuipitisha kwa Mwamuzi. Kutoka hapo Devos akawa windo jepesi la Zovaal.

Najua msomaji wa mbali anaweza kuiona kanuni ya Bastion kuwa ya busara. Kwa mtu wa Rungwe haitaonekana hivyo hata kidogo. Wanyakyusa wa zamani waliwaita wafu wao abasyuka, na uhusiano nao ulikuwa wa kutajana kwa majina, kupeana habari na kukumbushana wajibu. Mzee asiyekumbukwa alikuwa na haki ya kukasirika. Kumwambia mtu kama huyo kwamba utakatifu ni kumsahau mwanao ni kumtukana. Na roho iliyopasuka vipande viwili nayo si wazo geni huku kwetu: Iringa wanajua jinsi Mtwa Mkwawa alivyojiua mwaka 1898 huko Mlambalasi, fuvu lake likachukuliwa hadi Ujerumani, likatajwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na halikurudi Kalenga mpaka mwaka 1954. Kwa Wahehe ilikuwa vigumu kusema kwamba mtu huyo alikuwa amepumzika. Devos aliuliza swali la namna hiyo, akanyimwa jibu, na uovu wake ulianzia hapo.

Sylvanas Windrunner ndiye aliyewagawa wachezaji kuliko wote, na ili kumtendea haki inabidi mambo yake yafuatwe kwa mpangilio wa miaka, kwa maana gemu yenyewe iliyatoa kinyumenyume. Katika Warcraft III alikuwa jemadari aliyeutetea ufalme wake wa Quel'Thalas dhidi ya Arthas. Arthas alimuua kwa Frostmourne, kisha akamnyima hata kaburi: aliifufua roho yake ikiwa ya mayowe na kuilazimisha imtumikie dhidi ya watu wake mwenyewe. Baadaye alijinasua, akawaongoza wafu wenzake walioitwa Forsaken. Arthas alipouawa katika hadithi ya mwaka 2009, Sylvanas hakuwa na kisasi kingine cha kuishi nacho, akajirusha kutoka juu ya ngome ya Icecrown. Alichokiona upande wa pili kilikuwa giza na mateso, akarudishwa kwa mapatano na viumbe waitwao Val'kyr. Shadowlands ndiyo inayotueleza kwamba nyuma ya mapatano hayo alikuwepo Zovaal, aliyemwonyesha jinsi mtambo ulivyo na kumuuliza swali ambalo halikuwa la uongo: ni haki gani hii, ambayo mtu mmoja huisoma roho yako kwa kupepesa jicho na kukupangia milele yako bila kukusikiliza?

Swali hilo ndilo kiini cha nia ya Sylvanas. Yeye alikuwa ameonja kutumikishwa bila hiari akiwa hai na akiwa mfu, akaaminishwa kwamba ahera nayo ni utumwa mrefu zaidi, na kwamba ukivunjwa mtambo mzima watu wote watakuwa huru. Kwa hoja hiyo aliuteketeza mti wa Teldrassil, makao ya wana wa usiku, katika hadithi ya mwaka 2018, akijua roho za waliokufa humo zingeongeza nguvu za Maw. Kwa hoja hiyo aliivunja kofia ya chuma ya Lich King, yule mfalme wa wafu ambaye Arthas aliwahi kuwa, juu ya Icecrown na kuipasua mbingu. Hoja yenyewe ina ukweli ndani yake. Kinachoiua ni njia. Mtu anayepinga roho kupangiwa mahali bila kuulizwa amezipeleka maelfu ya roho shimoni bila kuziuliza. Waandishi walilijua pengo hilo, na waliliziba kwa njia ambayo mimi naiona ya haraka mno: Zovaal alipoipata nguvu aliyoitaka, alimwambia kwamba sasa vyote vitatumikia. Sylvanas akamrushia mshale palepale, akisema hatatumikia kamwe, naye Zovaal akamrudishia kipande cha roho yake kilichokatwa na Frostmourne. Tangu hapo kukawa na nafasi ya kudai kwamba aliyeyatenda yale alikuwa mtu nusu. Wachezaji wengi walikasirika, na nawaelewa. Kisa kilichojengwa juu ya uchaguzi wa mtu hakipaswi kugeuka ghafla kuwa kisa cha mgonjwa.

Kuhusu Teldrassil kuna fundo jingine ambalo watu wengi hawakulifuata hadi mwisho. Waliokufa kwenye mti ule walikuwa waja wa Elune, mungu wa mwezi, na Tyrande, kuhani wake mkuu, aliishi na uchungu wa kutojua kwa nini mungu wake alinyamaza. Jibu lilitolewa mwaka 2021: Elune na Malkia wa Kipupwe ni dada. Elune alisikia kilio cha dada yake aliyekuwa akikosa anima, akaziacha roho za waja wake ziende ahera akitumaini zitamfikia dada huyo na kuuokoa msitu wake. Hakujua kwamba Mwamuzi alikuwa amezimwa. Maji aliyoyafungulia kwa huruma yalipita kwenye banio bovu na kuishia katika jaruba la mwizi. Nimesikia wakisema jibu hilo linamshusha mungu. Mimi naliona ndilo jibu bora kuliko yote katika Shadowlands, kwa sababu linatoka ndani ya mtambo wenyewe: mwema na mwovu walitumia mfereji mmoja, na ubovu wa banio ukaufanya wema uwe na tokeo lilelile la uovu.

Sasa ndiyo tunaweza kurudi kwa Zovaal na kumjibu mpwa wangu. Zovaal alikuwa Mwamuzi wa kwanza. Ahera zote zilijengwa na viumbe wasioonekana tena, waitwao Wale wa Kwanza, katika karakana yao ya Zereth Mortis, na yeye alikabidhiwa banio. Akawasaliti wenzake, wakamnyang'anya muhuri wake wa kazi kutoka kifuani, na ndiyo maana ana tundu pale ambapo moyo ungekuwepo, wakamfunga katika Maw na kumweka Mwamuzi mwingine aliyeundwa kama chombo. Akiwa kifungoni alimteka Primus, mtawala wa Maldraxxus na fundi wa uchawi wa kutawala nafsi, akamlazimisha afue vifaa, na miongoni mwavyo ni Frostmourne na kofia ya Lich King. Nathrezim wakavipeleka Azeroth. Kwa hiyo Arthas aliyempasua Uther na Sylvanas alikuwa ameshika chuma kilichotoka Maw.

Alichokitaka kwa vitendo kinajulikana: kuikusanya mihuri ya watawala wa ahera, kuupata tena wa kwake, kufungua njia ya Zereth Mortis, kisha kuitumia roho iliyolala ndani ya dunia ya Azeroth kuufua upya uhalisia wote uwe chini ya utashi mmoja. Hayo ni matendo. Sababu ndiyo iliyokosekana. Katika sura zote tatu za Shadowlands hakuna mandhari inayomwonyesha siku ile alipoamua kusaliti, wala roho moja aliyoisoma ikamfadhaisha. Tukapewa maneno yake ya mwisho tu, aliyoyasema mwaka 2022 akianguka: kwamba tunakilinda kitu kilichokwisha kuhukumiwa, na kwamba ulimwengu uliogawanyika hautaokoka mbele ya kinachokuja. Ukiyasikiliza kwa makini, alikuwa akidai kwamba aliona hatari fulani, akahitimisha kuwa njia pekee ni kuziunganisha nguvu zote kwa lazima. Ni nia inayoweza kusimama, hata kuheshimika. Lakini ilisemwa sekunde chache kabla ya kufa, baada ya miaka ya kumwona akitoa vitisho vya juujuu, na hatari yenyewe haikutajwa jina. Msomaji anayehisi kwamba ameelezwa nusu, ameelezwa nusu kweli.

Ndiyo sababu namshauri mpwa wangu asimweke Zovaal kwenye mizani moja na wenzake. Denathrius anaeleweka kwa tamaa yake, Devos kwa jeraha alilokataa kulifumbia macho, Sylvanas kwa hofu ya kutumikishwa tena, na wote watatu nia zao zinagusana na namna ahera ilivyojengwa. Zovaal peke yake, aliyelishika banio kwa mikono yake, hatujaambiwa aliona nini ndani ya maji.

"Kwa hiyo zile roho za Teldrassil je?" akaniuliza, na nilifurahi kwamba aliuliza hilo badala ya kuuliza nani ana nguvu kuliko nani. Baada ya Zovaal kuanguka, mwanafunzi mmoja wa Bastion aitwaye Pelagos alikubali kuwa Mwamuzi mpya, na roho zikaanza tena kupita Oribos na kugawanywa. Lakini hilo liliwafaa waliokufa baada ya hapo. Zilizokwisha kudondoka Maw zilibaki Maw, kama vile maji yaliyoingia shamba la mwingine yasivyorudi mferejini yenyewe. Sylvanas aliposimamishwa mbele ya hukumu, Tyrande ndiye aliyeachiwa kuitoa, naye hakumuua. Alimtuma arudi shimoni azitafute roho hizo na kuzitoa, asitoke mpaka ya mwisho iwe imeokolewa, na Sylvanas akashuka kwenda kuianza kazi hiyo.